Umeme Kukatika Si Umeme Kuzimwa: Mwongozo wa Kujenga Usalama Kazini kwa Maneno Yanayoeleweka

Katika karakana moja ya Lubumbashi, Kongo, ambako nilikuwa kapita, yaani msimamizi, wa mafundi mitambo, umeme ulikatika tangu alfajiri, na saa nne fundi mmoja akapanda juu ya mashine ya kusaga mawe ili kuondoa jiwe lililokwama. Hakuona sababu ya kuzima chochote, kwa kuwa umeme haukuwepo. Nyuma ya ukuta, mlinzi wa jenereta alikuwa ameambiwa na patroni (bosi wetu) kwamba dizeli ikifika awashe mara moja, na dizeli ilifika. Mkanda wa mashine ulisogea urefu wa mkono mmoja, kisha ukasimamishwa na jiwe lile lile, na kwa sababu hiyo tu fundi yule bado ana vidole kumi.

Siku ile hapakukosekana kifaa. Kaske, yaani kofia ngumu za kazi, zilikuwepo, glavu zilikuwepo, hata kufuli la swichi lilikuwepo ndani ya droo ya ofisi. Kilichokosekana ni sentensi moja ambayo patroni angemwambia kapita, kapita akamwambia mlinzi, na mlinzi akamrudishia fundi kabla ya kugusa jenereta. Tangu hapo nimeshughulika na usalama kazini kwa miaka mingi, na karibu kila nilipochunguza ajali nilikuta kwamba kuna mtu aliyejua hatari na mwingine aliyeihitaji habari hiyo, na kati yao hapakuwa na njia.

Mwongozo huu ni kwa kapita, delege (mwakilishi) wa wafanyakazi, mwenye karakana au mkuu wa zamu anayesimamia watu kumi hadi mia moja hivi. Anayetaka kuufuata asitarajie matokeo ndani ya wiki moja. Hatua mbili za kwanza peke yake zinaweza kuchukua mwezi mzima, na ni afadhali zichukue mwezi kuliko kurukwa.

Hatua ya kwanza: fuatilia habari inapokwama

Kabla ya kuandika kanuni yoyote, tumia wiki mbili ukifuatilia habari, kama fundi bomba anavyofuatilia mahali maji yanapovuja. Chagua habari tatu za kweli, kwa mfano kwamba waya wa winchi umeanza kuchanika, kwamba dawa mpya imeletwa stoo, na kwamba Jumamosi kutakuwa na kazi ya usiku. Kisha waulize watu mmoja mmoja, ukianzia chini: ulijua lini, na nani alikuambia? Usiwaulize mbele ya wenzao, na usiandike majina.

Mara nyingi utakuta kwamba amri hushuka kwa saa moja na onyo hupanda kwa wiki tatu, kama linafika. Jambo hili lina historia katika mji wetu. Kiswahili cha Lubumbashi kilikua kwa sehemu kubwa katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906, na kazini kilitumika zaidi kuagiza: leta, beba, simama, haraka. Kapita aliwekwa ili kushusha neno la mkubwa, na hakuna aliyemtarajia kupandisha neno la mdogo. Kampuni zimebadilika, majengo yamebadilika, lakini katika karakana nyingi mwelekeo wa maneno umebaki ule ule, na huwezi kuubadilisha kama hujauona kwa macho yako.

Katika wiki hizo mbili, hesabu pia lugha za mahali pako. Karatasi huandikwa kwa Kifaransa, kazi huzungumzwa kwa Kiswahili, wazee wanaonyana kwa Kibemba, Kiluba au Tshiluba, na katika viwanda vingi kuna wakubwa wanaozungumza Kichina au Kiingereza, na pia mapipa yenye maandishi ya Kichina ambayo hakuna mtu wa stoo awezaye kuyasoma. Chunguza kwa heshima ni nani hasomi vizuri. Mtu mzima hatakuambia mbele ya vijana kwamba hasomi. Ataitikia kwa kichwa na kuweka karatasi mfukoni. Ukimuuliza faraghani, “Papa, unapenda kusoma mwenyewe au nikusomee?” atakujibu bila kuona haya.

Hatua ya pili: patana na watu wako juu ya maneno

Hatua hii watu wengi huidharau, nami niliidharau. Nilidhani kwamba kwa kuwa sote tunazungumza Kiswahili, basi tunaelewana. Chukua neno “funga”. Ukimwambia fundi afunge bomba, atazuia maji yasipite. Ukimwambia afunge mashine, mmoja ataizima, mwingine ataipiga kufuli, na wa tatu ataikaza boliti. Kisha anakuja fundi umeme aliyesomea kwa Kifaransa, ambaye darasani alifundishwa kwamba saketi iliyofungwa ndiyo inayopitisha umeme. Yeye akisema kikatishaji “kimefungwa”, anamaanisha kwamba kuna umeme. Aliye chini anasikia kwamba hakuna. Neno ni moja, maana mbili zinapingana, na kati yake kuna waya wa volti 380.

Neno la pili ni “tayari”. Msaidizi aliye chini ya lori anapaza sauti, “Tayari!” Yeye anataka kusema kwamba amekwisha kukaza nati, lakini bado anakusanya spana zake huko chini. Dereva anaelewa kwamba kila kitu kiko sawa na gari liondoke. Neno la tatu ni “tupu”. Pipa lililokuwa na petroli tunaliita tupu kwa sababu halimwagi kitu, ilhali ndani yake kumejaa mvuke unaowaka kuliko petroli yenyewe iliyotulia. Fundi wa kuchomelea anayeletewa “pipa tupu” alikate kwa moto ameletewa bomu, na aliyemletea hakusema uongo kwa kadiri ya lugha yake.

Kwa hiyo kaa na watu wako, tena wale wanaoshika kazi wenyewe, si ofisi peke yake, mkapatane juu ya maneno kama ishirini. Sisi tulipatana kwamba “washa” na “zima” ni ya umeme na injini tu, “fungua” na “funga” ni ya mabomba na milango tu, na “piga kufuli” ni kutia kufuli la chuma lenye ufunguo, si kitu kingine. Mahali pa “tayari” tukaweka “nimetoka”, na neno hilo halisemwi mpaka mtu awe amesimama mbele ya dereva, akionekana mwili mzima. Mapipa hayakuitwa tena matupu. Yaliitwa “yaliyooshwa” na “yasiyooshwa”, na lisilooshwa halikaribii moto. Kwa kazi za kreni, mwenye kutoa ishara za mikono ni mmoja tu, aliyetajwa asubuhi, isipokuwa ishara ya kusimama, ambayo mtu yeyote akiitoa inatiiwa.

Maneno hayo yaandikwe kwenye ubao mmoja na yasemwe hivyo hivyo na kila mtu, kuanzia patroni. Mara ya kwanza watu watacheka. Mzee mmoja aliniuliza kama sasa tumerudi shule ya msingi. Waache wacheke, lakini kila kosa la neno lisahihishwe papo hapo, kwa upole, bila kuchoka. Ukiliacha neno la zamani lirudi mara moja kwa sababu siku hiyo una haraka, umewafundisha kwamba ubao ule ni wa siku za ukaguzi tu.

Hatua ya tatu: fanya kikao cha asubuhi kiwe mazungumzo

Viwanda vingi vina kikao cha usalama kabla ya kazi, na vingi vinakipoteza. Watu husimama, kapita anasoma karatasi ile ile ya jana, anasema vaeni kaske, anauliza, “Mmeelewa?” na wote wanajibu, “Ndiyo!” Swali hilo liondoe kabisa kinywani mwako. Hakuna kijana wa mitaa yetu ya Katuba au Ruashi atakayemjibu mkubwa wake hadharani kwamba hakuelewa. Malezi yetu hayaruhusu, na kikao chako hakiwezi kuyashinda malezi kwa dakika kumi. Badala yake, mwombe mtu akueleze yeye mwenyewe atakavyofanya.

Kikao kikienda vizuri husikika hivi:

“Papa, leo uko kwenye pampu iliyoletwa jana. Utuambie utaanza na nini.”

“Nitazima umeme, nitapiga kufuli langu, kisha nitajaribu kuwasha ili nione kama kweli haiwaki. Ndipo nitalegeza boliti.”

“Na ukikuta maji ndani?”

“Sitayaita maji mpaka nipime kwa karatasi ya asidi.”

“Nani atakuwa karibu nawe, na bomba la kuogea la dharura limejaribiwa?”

Mfano wa pampu sikuuchagua bure. Shaba na kobalti za Katanga kwa sehemu kubwa huyeyushwa kutoka kwenye mawe kwa asidi ya salfuriki, na sehemu ya asidi hiyo huja kwa malori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Pampu na mabomba ya viwanda hivyo vya Likasi na Kolwezi hutengenezwa katika karakana za mji wetu na watu ambao hawajawahi kuiona asidi ikifanya kazi. Pampu inafika ikiwa safi kwa nje, na ndani imebaki lita moja ya kitu kinachofanana na maji. Aliyeituma alijua, lakini aliyeipokea hakuuliza. Ndiyo maana kwetu mlinzi wa geti alifundishwa swali moja la kumuuliza kila dereva aletaye kifaa: ndani mlikuwa na nini, na nani amekiosha? Dereva akikosa jibu, kifaa hubaki kando ya geti mpaka anayejua apigiwe simu.

Kikao kisizidi dakika kumi, kifanyike saa ile ile, mahali pa kazi, watu wakiwa wamesimama. Kizungumzie kilichobadilika tangu jana, kazi moja iliyo ya hatari zaidi leo, nani yuko wapi, na ni jambo gani likitokea litatufanya tusimame. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, zungumzieni utelezi na mashimo yaliyojaa maji. Msimu wa kiangazi, vumbi linaloficha mashine inayorudi nyuma. Usihubiri. Ukiwa huna jipya la kusema, uliza, kisha nyamaza uhesabu moyoni mpaka kumi. Mara nyingi neno la maana hutoka ukifika saba au nane.

Aliyechelewa naye apewe kikao chake. Basi likikwama njiani na watu watatu wakafika saa mbili na nusu, kapita awakusanye na kurudia yote kwa kifupi kabla hawajagusa chombo. Watu hao watatu ndio walio katika hatari kubwa zaidi siku hiyo, kwa kuwa wanafika wakiwa na haraka ya kuonyesha kwamba hawakuwa wavivu.

Hatua ya nne: linda neno pale kazi inapobadilisha mikono

Tarehe 6 Julai 1988, katika jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, mafundi wa zamu ya mchana walikuwa wameondoa vali ya usalama ya pampu moja ili kuitengeneza, na mahali pake wakaweka kifuniko cha muda. Karatasi iliyosema pampu hiyo isiwashwe iliachwa katika chumba cha uongozi, lakini habari hiyo haikuwafikia kwa mdomo watu wa zamu ya usiku. Usiku pampu ya pili ilisimama, wakaiwasha ile ya kwanza wakiamini kwamba ni nzima, gesi ikavuja na kulipuka. Watu 167 walikufa. Karatasi ilikuwa imeandikwa vizuri.

Kwa hiyo makabidhiano ya zamu yafanyike uso kwa uso, mbele ya mashine inayohusika, si getini wala kwa ujumbe wa simu. Anayeondoka aeleze kilichoachwa nusu, anayeingia arudie kwa maneno yake, ndipo wote wawili watie sahihi katika daftari moja. Daftari liwe moja tu. Mahali penye madaftari matatu, la mekanika, la umeme na la ofisi, kila mmoja atadhani kwamba jambo limeandikwa katika lile la mwenzake.

Na sasa kuhusu umeme, jambo ambalo katika mji wetu linahitaji kanuni yake lenyewe. Katika nchi ambako umeme haukatiki, mtu anayetaka kugusa mashine hulazimika kuizima, na kuzima humkumbusha kupiga kufuli. Kwetu umeme hujizima wenyewe, na mashine iliyosimama inaonekana kama imekufa, hivyo mkono unaingia. Kisha umeme unarudi bila kubisha hodi, au mtu anawasha jenereta. Tuliandika kanuni ifuatayo kwa rangi nyekundu kwenye kila ubao wa swichi: umeme kukatika si umeme kuzimwa. Kila umeme unapokatika, mtu wa kwanza kufika kwenye ubao wa swichi anazima zote kwa mkono. Atakayegusa mashine anapiga kufuli lake mwenyewe, lenye kibandiko cha jina na saa, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Wakiwa watatu, kufuli ni tatu. Jenereta haiwashwi mpaka mlinzi wake azunguke karakana na kupata jibu la “nimetoka” kutoka kwa kila kapita wa sehemu. Kuzunguka huko kulituchukua dakika sita. Patroni alilalamikia dakika hizo sita kwa mwezi mzima, kisha akazizoea.

Kufuli la mtu halikatwi na mwingine kwa sababu amesahau na kwenda nyumbani. Apigiwe simu. Asipopatikana, mkuu wa zamu na delege waikague mashine pamoja, wahakikishe kwamba mwenye kufuli hayumo ndani wala karibu, waandike, ndipo wakate. Na kesho yake aelezwe kabla hajaanza kazi.

Hatua ya tano: fungulia habari mbaya njia ya kupanda

Mtu aliyeangusha nyundo kutoka juu na isimpige mtu ana habari yenye thamani kuliko ripoti yoyote ya ofisi, maana ameiona ajali bila mtu kuumia. Sisi tuliiita “ajali iliyotukosa”. Lakini yeye atakuwa na sababu tatu za kunyamaza: ataogopa kukatwa mshahara, hatataka kumchongea mwenzake, na anaamini kwamba hata akisema hakuna litakalofanyika. Sababu ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo rahisi kuiondoa.

Anza nayo. Toa ahadi moja ndogo ambayo unaweza kuitimiza: kila aliyeleta habari ya hatari atapata jibu kabla ya saa 48 kupita, hata kama jibu ni kwamba fedha za kutengeneza hazijapatikana na kwa sasa tutazungushia kamba mahali hapo. Jibu litolewe katika kikao cha asubuhi, likitaja hatari na si jina la aliyeileta, isipokuwa mwenyewe amekubali kutajwa. Watu wakiona ngazi iliyovunjika imebadilishwa siku mbili baada ya kutajwa, hutahitaji kuwahimiza tena.

Kuhusu adhabu, useme wazi mapema kile kinachoadhibiwa na kisichoadhibiwa. Kosa lililofanywa kwa kutojua au kwa kuteleza haliadhibiwi, na mwenye kulisema anashukuriwa. Kukata kufuli la mwenzako, kuja kazini umelewa, au kuondoa kizuizi cha mashine makusudi kunaadhibiwa, hata kama hakuna aliyeumia, na kunaadhibiwa kwa fundi kama kwa mhandisi. Mpaka huu ukishawekwa usihamishwe kwa sababu ya hasira ya siku moja. Nimewahi kumwona mkubwa mmoja akimpigia kelele kijana aliyekuja kukiri kwamba amemwaga asidi kidogo. Baada ya hapo, kwa miezi mitano, hakuna tone lililomwagika katika kiwanda kile, kwa kadiri ya daftari.

Vibarua wa siku ndio wagumu zaidi kuwasikia. Mtu anayechukuliwa getini asubuhi na kulipwa jioni anajua kwamba akilalamika kesho hatachaguliwa. Usitegemee kisanduku cha maoni kwa watu hawa. Mtafute mmoja anayeaminiwa nao, mara nyingi ni mama anayewauzia bukari (ugali) na maharage saa sita, au mzee wa kundi lao, na umwombe asikilize kwa niaba yako. Mama wa namna hiyo aliwahi kuniambia kuhusu jukwaa la mbao lililooza siku mbili kabla sijasikia neno kutoka kwa kapita.

Kuna pia suala la umri. Kijana wa miaka ishirini anaona mzee wa miaka hamsini anaingia chini ya mzigo unaoning’inia, naye ananyamaza, kwa sababu kumkemea baba ni utovu wa adabu. Usimwambie kijana aache adabu. Mpe neno ambalo limeondolewa katika mizani ya adabu. Kwetu lilikuwa “Simama!” na tulilitangaza mbele ya wote, na wazee wenyewe wakaombwa kusema kwamba wanaliruhusu. Mzee wetu wa winchi alisimama na kusema, “Mtoto akiniambia simama, amenipenda.” Tulifanya mazoezi: kila Jumatatu kijana mmoja aliombwa kumsimamisha mzee au mhandisi mahali fulani bila kutoa taarifa, na aliyesimamishwa alipaswa kusimama kwanza, kushukuru, kisha kuuliza. Aliyeuliza kwanza alirudia zoezi.

Sheria nayo inasaidia. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi akiwa na sababu za kuamini kwamba kuna hatari kubwa ya papo hapo kwa maisha au afya yake, na mwaka 2022 mazingira ya kazi yaliyo salama yaliingizwa kati ya haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Hapa kwetu, Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 imeweka kamati ya usalama, usafi na upambaji wa mahali pa kazi. Neno hilo la upambaji limeziponza kamati nyingi, ambazo hupanda maua mbele ya ofisi na kuishia hapo. Kama yenu ipo, ipeni kazi ya kufuatilia ile ahadi ya saa 48.

Hatua ya sita: mabango

Machache, makubwa, kwa Kiswahili na Kifaransa, yenye picha. Michoro ya kimataifa ya kemikali, ile ya pembe nne yenye ukingo mwekundu, ifundishwe kwa vitendo kwenye mapipa yenyewe, si darasani. Bango lililopauka au linalohusu mashine iliyokwisha ondolewa literemshwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa jicho likizoea bango moja la uongo, huacha kuyasoma yote.

Hatua ya saba: wakubwa waseme neno lile lile saa sita kama saa moja

Asubuhi patroni anasema usalama kwanza, na saa sita anapiga simu kuuliza kwa nini lori la mteja halijatoka. Wafanyakazi hawasikii neno la asubuhi, wanasikia simu. Simwambii patroni asiulize kuhusu lori, maana kazi ni biashara na mishahara hutoka humo. Ninamwomba abadili mpangilio wa swali: aulize kwanza kama kuna kitu kilichowazuia na kama kimeshughulikiwa, kisha aulize saa ya kumaliza. Mkubwa anayeingia karakana bila kaske kwa sababu anapita tu, kapita amwambie “Simama!” kama angemwambia kibarua. Kapita akishindwa kulisema mbele ya watu, basi alisema bure katika mazoezi ya Jumatatu.

Pesa za bonasi nazo husema. Ukilipa kwa tani peke yake, umekwisha kutoa maagizo yako kuhusu usalama.

Hatua ya nane: jiandae kuzungumza siku ya ajali

Siku hiyo maneno huharibika haraka, kwa hiyo yapangwe mapema. Kila mtu ajue ni nani anayepiga simu, nani anayebaki na majeruhi, nani anayezuia mashine isiguswe. Aliyemwagikiwa asidi avuliwe nguo zilizolowa na kuoshwa kwa maji mengi yanayotiririka, mara moja, kwa muda usiopungua dakika 15, kabla ya mtu yeyote kuanza kutafuta gari. Familia iambiwe na mtu mmoja aliyechaguliwa, kwa kinywa, mapema iwezekanavyo, kwa sababu habari za uvumi hufika mitaa ya Kamalondo na Kenya kabla ya gari la wagonjwa kufika hospitali. Mkaguzi wa kazi na CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, waarifiwe ndani ya muda wa sheria. Kuficha ajali kunamnyima majeruhi fidia yake.

Uchunguzi uanze kwa kuuliza nini kilitokea na kwa nini kilionekana kuwa sawa machoni pa aliyefanya. Swali la “nani” lingoje. Kesho yake, kabla ya kazi kuanza, wote waambiwe kinachojulikana na kinachoendelea kuchunguzwa, hata kama ni kidogo. Ukinyamaza siku tatu watu watajaza pengo hilo wenyewe, na mara nyingi watalijaza kwa uchawi au kwa jina la mtu asiyehusika, na uchunguzi wako utakuwa umechelewa.

Hatua ya tisa: pima kinachopimika

Ule ubao wa getini unaohesabu siku bila ajali mimi niliuondoa. Ukishafika siku 200, hakuna atakayetaka kuwa mtu wa kuurudisha kwenye sifuri, na kidole kilichopasuka kitafungwa kitambaa na kupelekwa nyumbani kimyakimya. Hesabu badala yake ni habari ngapi za ajali zilizokukosa zimeletwa mwezi huu, ngapi zilipata jibu ndani ya saa 48, na zimetoka sehemu gani. Idadi ikipanda katika miezi ya kwanza, usishtuke wala usimruhusu mkubwa yeyote ashtuke; hatari zilikuwepo, sasa zimepata mdomo. Sehemu isiyoleta habari yoyote kwa mwezi mzima ndiyo ya kutembelewa kwanza.

Kisha, mara moja kwa wiki, siku isiyojulikana, mtafute mfanyakazi mgeni kuliko wote, yule aliyeingia juzi, ukae naye kwenye kivuli na umuulize mambo matatu: leo ni kitu gani kinaweza kukuumiza, ukikiona utamwambia nani, na mara ya mwisho ulipomwambia alikujibu nini. Andika majibu yake kama alivyoyasema. Akishindwa la tatu, usimwulize zaidi. Nenda kwa kapita wake.